Kipupwe na watoto: Forodhani, Changuu, Jozani, ufukweni au Makunduchi? Ulinganisho kwa familia za Unguja na Pemba

Masika yakishakatika na skuli zikafungwa likizo ya katikati ya mwaka, suali linakuwa moja kila nyumba: watoto tunawapeleka wapi? Majibu ya haraka ni bustani ya Forodhani au ufukwe wa Nungwi, na familia nyingi huishia hapo bila ya kupima. Lakini Juni hadi Agosti si sawa na Januari. Upepo ni wa kusi, utokao kusini, bahari ya mashariki na ya kusini imechafuka, jua linazama mapema, na ufukwe uliopendeza Jumamosi hii unaweza kuwachosha Jumamosi ijayo kwa sababu ya maji tu. Kwa hiyo hatuanzi na majina ya pahala. Tunaanza na maji, halafu umri wa mtoto mdogo kuliko wote katika msafara, maana huyo ndiye atakayeamua saa ya kurudi nyumbani.

Tarehe ya mwezi kwanza, mfuko baadaye

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua. Hesabu tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na huwa yamejaa kuanzia saa kumi jioni. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu: tofauti inakuwa ndogo na mpangilio unageuka, maji mengi saa nne za asubuhi, machache alasiri.

Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha kwa kupanga. Chukua familia inayotoka mjini saa mbili asubuhi kwenda ufukwe wa Paje. Ikienda tarehe 16, itafika bahari imerudi mbali, mbele yao ni mchanga mtupu, vidimbwi na vigingi vya mwani. Ikienda tarehe 9 itakuta maji yamefika karibu na minazi. Nauli ile ile, siku mbili tofauti kabisa, na baba wa safari ya kwanza atarudi akisema Paje haina bahari.

Jambo la pili ni giza. Miezi hii jua huzama kiasi cha saa kumi na mbili na robo jioni. Anayetegemea gari ya shamba asipange kuondoka ufukweni baada ya saa kumi, kwa sababu jioni gari hupungua na zinazokuja zimeshajaa. Na baridi isidharauliwe: mtoto akitoka majini akapigwa na kusi hutetemeka hata jua likiwaka. Kanga kavu moja kwa kila mtoto, mbali na ile ya kukalia.

Forodhani au kiwanja cha Kariakoo

Hizi ni za jioni, za karibu, na hazihitaji kupanga siku nzima. Zote mbili zinajaa, lakini hazimfai mtoto mmoja.

Forodhani kuingia ni bure. Bustani ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati uliofadhiliwa na taasisi ya Aga Khan, na upande wake wa baharini unaelekea magharibi, kwa hiyo kusi haipigi usoni. Vijana wanaoruka kutoka ukutani kuingia baharini ndiyo burudani yenyewe, na hapa tena maji yana neno: jioni za bamvua bahari imejaa na wanaruka vizuri, lakini jioni za maji mafu kina ni kidogo na chini kuna mawe. Mtoto wako akitamani kuwaiga, iangaliwe tarehe kabla ya kuruhusiwa. Ukingo ule hauna kizuizi, na mtoto wa miaka mitatu akiponyoka mkononi ana hatua chache tu za kufika majini. Msongamano wa baada ya magharibi ndio unaomfanya asionekane.

Kwenye chakula, ulizia bei kabla sahani haijaanza kujazwa, si baada ya hapo. Mishikaki ya samaki, pweza na kamba iliyopangwa mezani mara nyingi imeshapikwa mapema na hupashwa moto tu ukiagiza, na ndiyo inayoumiza matumbo ya watoto. Salama zaidi ni kile kinachopikwa mbele yako tangu ubichi: pizza ya Zanzibar ikichomwa kwenye sinia, au urojo kutoka sufuria inayochemka, mtoto atiliwe bila pilipili. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi haina tabu, ila kwenye barafu, uliza imetengenezwa kwa maji gani.

Kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo kina uzio, bembea na mashine za kuzunguka, na unalipia. Gharama hupanda kimya kimya kwa sababu kila mchezo una tiketi yake; mwambie mtoto idadi ya michezo mkiwa bado nyumbani. Walio Chake Chake wana Tibirinzi, na walio Mkoani wana Umoja ni Nguvu, kwa mtindo huo huo.

Mtoto wa chini ya miaka sita, mpeleke Kariakoo. Kuanzia miaka minane, Forodhani ina mengi zaidi ya kutazama na inakuachia pesa ya chakula. Mwenye wa rika zote mbili aanze Kariakoo saa kumi, wadogo wachoke, kisha aende Forodhani kula tu na kurudi. Kinyume chake hakiwezekani: ukishamlisha mtoto pizza, bembea itakurudishia.

Tamasha la filamu la ZIFF, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likifanyika Ngome Kongwe, kwa kawaida huangukia Juni au Julai, ingawa kuna miaka limesogea hadi Agosti. Kwa familia ni hatua chache kutoka Forodhani. Lakini filamu za usiku si zote za watoto na zile ngazi za mawe ni baridi. Vijana wa sekondari watafurahi, wa darasa la pili watalala mapajani mwako.

Changuu au Jozani kwa mtoto wa skuli

Hapa ndipo watu hukwama, maana zote mbili zina wanyama, zote zina kiingilio, na zote zinakula nusu siku.

Kisiwa cha Changuu kiko kaskazini-magharibi ya Mji Mkongwe, kiasi cha kilomita 5 na nusu, boti nusu saa au pungufu. Kobe wakubwa wa pale walianza na wanne walioletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, asili yao kisiwa cha Aldabra. Umri wa wengi umeandikwa kwenye magamba yao, na mtoto anayejua kusoma namba atapita mmoja baada ya mwingine akitafuta aliyemzidi babu yake. Jela iliyojengwa miaka ya 1890 haikuwahi kutumika kufunga wahalifu. Kisiwa kikageuzwa karantini ya abiria waliohofiwa kuwa na magonjwa. Watoto wa darasa la tano kwenda juu hupenda kuelezwa hilo pale pale ukutani.

Kinachoharibika Changuu ni mambo matatu. La kwanza ni boti. Kusi huanza kupuliza kwa nguvu kuanzia mchana, kwa hiyo nenda saa mbili na nusu, rudi kabla ya saa saba. Boti nyingi huwa na jaketi za kujiokolea za watu wazima tu. Mvishe mtoto, funga mikanda yote, kisha ishike jaketi mabegani na uivute juu. Ikipanda hadi masikioni si yake, na akiingia majini atachomoka chini. Omba nyingine au badilisha boti, hata kama nahodha ananung'unika. Hatusemi haya kutia watu hofu bure: meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kwenye msimu huu huu wa upepo. Boti ya Changuu ni safari fupi na upande wenye kinga, lakini haifai kujaza watu ili nauli ipungue.

La pili ni makubaliano. Taja vitu vinne kabla ya kupanda: bei ni ya boti nzima au ya kichwa, ni kwenda na kurudi, atasubiri saa ngapi, na kiingilio cha kisiwani kimo au hakimo. Lipa nusu, nusu nyingine mkirudi Forodhani. Ugomvi mwingi pwani hutokana na lile la nne.

La tatu ni vidole. Kobe haumi kwa ubaya, anafuata jani. Mtoto ashike mboga kwa ncha ya shina, jani litangulie, na akiona mdomo umefika aachie. Kupanda mgongoni mwa kobe hakuruhusiwi hata kwa picha.

Msitu wa Jozani ni kilomita 35 hivi kutoka mjini, kwenye barabara ya Paje, na tangu 2004 ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Kima punju hawapatikani kokote duniani isipokuwa Unguja, ukiacha kundi dogo lililowahi kupelekwa Ngezi, Pemba. Beba kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, maana kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni havikaribiani. Kima huchangamka asubuhi na tena alasiri. Kati ya saa sita na saa nane wanapumzika juu na utawaona mikia tu.

Linalowashangaza wakubwa zaidi ya watoto ni kwamba kima hawa hula mkaa. Majani wanayoyapenda, ya mkungu na ya mwembe, yana kemikali zinazozuia mmeng'enyo, na mkaa unazifyonza. Mwambie mtoto aliyesoma sayansi, atakumbuka kuliko picha kumi. Kaeni umbali wa mita 3 japo kima wenyewe watasogea. Mafua ya mtu yanaweza kuwaambukiza. Na tuta zile za barabarani zimewekwa kwa ajili yao, kwa hiyo dereva anayelalamika apunguze sauti.

Baada ya masika njia za msituni bado zina matope hadi Juni. Kandambili hazifai, viatu vya kufunga ndiyo. Mbu wapo hata mchana kivulini, na suruali ndefu inafanya kazi kuliko dawa ya kupaka inayotoka na jasho. Kwenye mikoko kuna njia ya mbao iliyoinuliwa. Ikiwa mbichi inateleza, na mtoto asiachwe akimbie. Maji yakipwa ndipo kaa wanapotoka matopeni, yakijaa unaona samaki wadogo kati ya mizizi.

Chagua hivi. Mwenye mtoto mchanga wa kubeba, au bibi anayeumwa magoti, aende Jozani. Kupanda boti ya Changuu mara nyingi ni kuingia majini hadi magotini huku chombo kikiyumba. Mwenye watoto wa miaka sita hadi kumi wasiopenda kutembea aende Changuu. Gari likijaa watu saba au nane, Jozani inakuwa nafuu kwa kichwa, kwa kuwa usafiri ni mmoja na siku haimaliziki hapo. Hilo la mwisho ndilo linalotufanya tuipendelee kidogo Jozani miezi hii: kutoka hapo Paje ni mbele tu.

Na hapo ndipo tarehe ya mwezi inapolipa. Siku za bamvua, toka mjini saa mbili, Jozani saa tatu hadi saa tano, kula, kisha Paje saa nane, maji yakiwa yanarudi. Siku za maji mafu pindua: Paje kwanza asubuhi maji yamejaa, kisha Jozani wakati wa kurudi, ufike mlangoni kabla ya saa kumi ili usikute wanafunga. Wanaopindua vibaya huishia kutazama mchanga mchana na mikia ya kima adhuhuri.

Kuna wanaouliza kuhusu Nakupenda, fungu la mchanga jirani na Changuu. Linafaa asubuhi za bamvua, maji yamepwa na fungu limetoka lote. Hakuna kivuli, hakuna choo, na maji yakijaa linamezwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano tunasema hapana.

Ufukwe upi?

| | Kendwa na Nungwi | Paje na Jambiani | Bububu na Mangapwani |
|---|---|---|---|
| Kusi | Kinga nzuri upande wa magharibi | Inapiga moja kwa moja | Kinga ya kutosha |
| Maji yakipwa | Unaogelea bado, hasa Kendwa | Vidimbwi vya magotini, bahari mbali | Mawe yanatokeza |
| Kutoka mjini kwa gari ya shamba | Kama saa mbili, namba 116 kwenda Nungwi | Saa moja na nusu na zaidi, namba 309 kwenda Jambiani | Bububu ni karibu, namba 502 |
| Kinachoudhi | Kivuli na vyoo ni vya hoteli | Kamba za tiara za wageni, majani ya bahari pwani | Hakuna huduma, beba kila kitu |

Kendwa ndiyo jibu la anayetaka mtoto aogelee bila kuhesabu tarehe. Tatizo lake si bahari, ni nchi kavu. Ufukwe ni wa watu wote lakini kivuli kimekwishashikwa, na mkeka wako ukitandikwa juani watoto wataungua kabla ya saa sita. Njia ni kuuliza hoteli moja ndogo kama ukinunua soda na chipsi mnaruhusiwa kukaa na kutumia choo. Nyingi hukubali siku zisizo na wageni wengi. Wazazi wengine pia hawapendi mavazi ya wageni mbele ya watoto. Ni haki yao, na hilo peke yake linaweza kukuelekeza Bububu. Nungwi ina faida ya Mnarani, ambapo kasa wanatunzwa kwenye bwawa la asili linalopokea maji ya bahari, na upande huo hauhitaji kuogelea.

Paje inasemwa vibaya na watu waliokwenda saa isiyo yake. Kwa mtoto wa miaka miwili mitatu, asubuhi ya bamvua ni nzuri kuliko Kendwa: maji ya vidimbwini yamepata jua, kina hakimfiki kiunoni, na hakuna wimbi. Masharti ni viatu vya mpira, kwa sababu ya wale wanyama weusi wenye miiba, na mtu mzima mmoja anayetazama bahari tu. Maji yakianza kujaa kwenye uwanda ule hayaji kama ukuta, hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na aliyekwenda mbali kutazama miamba hukuta baina yake na pwani pana kina. Maji yakisimama kupwa, geuka hapo hapo, usisubiri kuyaona yakija.

Vigingi na kamba za mwani ni shamba la mtu. Mara nyingi ni la mama aliyeinama pale pale mbele yenu, na ana saa hizo chache tu za kufanya kazi kabla bahari haijarudi. Watoto wapite pembeni. Kwa upande mwingine, tiara za wageni wanaoteleza juu ya maji wakivutwa nazo huvuma sana miezi hii. Kamba zake zikikaza hukata, kwa hiyo msikae pale wanapozirusha wala msivuke chini yake.

Mangapwani tunaitaja kwa ajili ya mapango zaidi kuliko kuogelea. Pango la asili lina maji baridi ya kunywa chini ya ngazi, na chumba cha chini ya ardhi kilichofichiwa watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873 kina giza na hewa nzito. Beba tochi. Mtoto wa chini ya miaka tisa hatafaidika na chumba kile, na wengine huogopa kulala usiku.

Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa

Hii haifanani na zote zilizotangulia, kwa hiyo kuilinganisha na ufukwe ni kuionea. Ni sherehe ya Julai, ya kuaga mwaka na kuingia mwingine kwa hesabu ya nairuzi, yaani mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi, na wenyewe wa Makunduchi wanaifanya iwe na watazamaji au isiwe. Wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa migomba kumaliza kinyongo cha mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto na aliye ndani hutoka salama, wanawake wamejipamba wanapita wakiimba, kisha ni kula na ngoma. Mgeni anakaribishwa kwelikweli. Nyumba kukosa mgeni siku hiyo huhesabiwa mkosi.

Kwa watoto, uzuri na ugumu vipo pamoja. Migomba haivunji mtu lakini inaruka, na duara la watu hupanuka ghafla wapiganaji wakisogea. Mtoto asimame mstari wa tatu nyuma, juu ya mabega kama ni mdogo. Moto wa makuti ni wa dakika chache na moshi wake ni mzito. Upepo ni wa kusi, moshi unakwenda kaskazini: simameni upande wa kusini wa kibanda na hamtakohoa. Wanaochelewa husukumwa upande wa moshi kwa sababu wenyeji wameshachukua huu mwingine. Nyimbo za akina mama zina mafumbo, na kijana wa miaka kumi na miwili atauliza maana yake. Tayarisha jibu.

Andika namba ya simu ya mzazi mkononi mwa kila mtoto kwa kalamu, na mkubaliane mti au duka la kukutania mkipotezana, kwa kuwa mtandao hulemewa watu wakiwa wengi. Mjini hadi Makunduchi ni zaidi ya saa moja na nusu, namba 310, na siku ya kilele kurudi ndiko kugumu: gari zinajaa watu wote wakitoka kwa pamoja. Kodini gari kwa kuchangiana, au ondokeni kabla ngoma haijakolea. Bora zaidi ni kuwa na jamaa huko mkalala. Nguo za heshima kwa wote, na kamera iombe ruhusa kabla ya kuelekezwa kwa akina mama.

Mwenye mtoto mchanga au mwenye pumu asiende Makunduchi siku hiyo. Kwa mwenye watoto wa miaka minane na kuendelea, tunaiweka juu ya Changuu bila kusita: kobe watakuwepo mwezi ujao.

Cha kubeba

Wali wa nazi ni mtamu lakini hauwezi safari. Ukipikwa alfajiri, ukafungwa ungali moto, saa nane umeshaanza kuchacha, na harufu haionekani mpaka umefunua. Pilau isiyo na nazi hukaa vizuri zaidi, ikiwekwa kwenye hotpoti iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka ili isinyonye joto. Kilo moja ya mchele hulisha watu saba hadi wanane, wakubwa kwa wadogo. Kachumbari ikatwe huko huko. Katlesi, sambusa na mkate wa kumimina huhimili siku nzima mradi vipoe kabisa kabla ya kufunikwa. Vikifunikwa moto, jasho lake linavilainisha.

Maji lita 1 na nusu kwa mtu mzima, lita 1 kwa mtoto. Juisi ya ukwaju ibebwe kwenye dumu tofauti, isije ikahesabiwa kuwa ndiyo maji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar zamani, kabla ya Bara, kwa hiyo tumia kikapu, na beba kiroba cha kurudishia taka. Ufukwe kama Vumawimbi, Pemba, hakuna wa kuzizoa.

Walio Pemba

Kwa Pemba uchaguzi ni mfupi lakini si rahisi. Vumawimbi unaifikia kwa kupita msitu wa Ngezi kutoka Konde, kwa hiyo safari moja inakupa msitu asubuhi na ufukwe mchana. Ufukwe ni mrefu, hauna duka, na unatazama mashariki. Siku ambayo kusi imekaza, vukeni rasi kwenda upande wa magharibi, kuna utulivu zaidi. Kisiwa cha Misali unakiendea kwa boti kutoka Wesha. Ni eneo la hifadhi, lina kiingilio na masharti yake, na kisiwani hakuna maji ya kunywa. Kanuni za Changuu za jaketi na saa ya kurudi zinatumika huko maradufu, maana safari ni ndefu zaidi.

Mwenye bajeti ndogo na watoto wa skuli aende Kidike kuona popo wa Pemba, ambao ni wa kisiwa hicho peke yake. Mchana wananing'inia wamelala. Ukifika saa kumi utawaona wakianza kujinyoosha na kugombea matawi, mabawa yamefunguka, na hapo watoto wataona ukubwa wao. Msipige kelele wala makofi kuwarusha, wakiruka mchana wanachoka bure na mlinzi wa pale hukasirika kwa haki.

Familia za Unguja zinazotaka kuvuka kwenda Pemba likizo hii zikumbuke mkondo wa Nungwi. Kusi ndiyo inayoutibua, na mtoto atatapika hata chombo kikiwa kikubwa. Mpe mkate mkavu kidogo saa moja kabla ya kuondoka, si maziwa, mkae katikati ya chombo sehemu ya chini, na aangalie nje mbali badala ya simu. Tabiri ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisheni hadi upepo upungue. Tiketi ulizeni sharti lake la kubadilisha siku kabla ya kuinunua.